Kicheko cha Uani: Nyumba ya Kupanga na Fasihi Isiyosomwa

Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Methali hii aghalabu hutajwa ndugu wawili wanapokorofishana, lakini ukweli wake haudhihiriki popote kama katika nyumba ya kupanga ya mjini, ambamo familia sita, saba au hata kumi, zisizo na nasaba wala asili moja, hukutana chini ya paa moja kwa kuwa kodi yake ndiyo wanayoimudu. Wapangaji hugongana alfajiri penye mfereji, hugongana adhuhuri penye kamba ya kuanikia nguo, na usiku wa manane hugongana penye mlango wa choo. La kustaajabisha ni kwamba, pamoja na kugongana kote huko, vikombe vingi havivunjiki.

Makala haya yanashikilia kwamba miongoni mwa mambo yanayovikinga vikombe hivyo ni kicheko, na kwamba kicheko hicho kina kanuni zake, tanzu zake na lugha yake, ambayo ni Kiswahili. Yanashikilia vilevile kwamba vyuo vyetu vimeupuuza utajiri huu ulio mlangoni pao, ilhali watayarishaji wa vichekesho wameuchota, wakaubadilisha, na mara nyingine wakaugeuza kuwa kitu cha hatari. Baina ya kumcheka jirani na kumdhihaki jirani pana mpaka mwembamba, na taifa hili limekwisha kulipa gharama ya kutoujua mpaka huo.

Nyumba yenyewe

Ili kicheko hicho kieleweke, sharti kwanza ieleweke nyumba kinamozaliwa. Nyumba ya Kiswahili ya mjini, kama ilivyojengwa kwa wingi katika mtaa wa Majengo kule Mombasa, na Kariakoo kule Dar es Salaam kabla ya maghorofa kuimeza sehemu kubwa ya mtaa huo, ni nyumba ya mstatili. Mbele ina baraza. Katikati umepita ukumbi mrefu, na kushoto na kulia mwa ukumbi mna vyumba, aghalabu vitatu vitatu. Nyuma kuna ua, na uani ndiko kuliko na jiko, bafu, choo na mahali pa kufulia. Ramani hii ilisafiri hadi bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipowatengea Waafrika wa Nairobi mtaa wa Pumwani, wakazi, wakiwemo wanawake wengi, walijijengea nyumba za aina hiyo, wakavikodisha vyumba, na sehemu hiyo ikaitwa Majengo kama ile ya Mombasa.

Baadaye zilikuja nyumba za baraza la jiji na za shirika la reli, kama vile Kaloleni, Ziwani, Muthurwa na Makongeni, nyingi zikiwa zimekadiriwa kwa mfanyakazi mwanamume asiye na mke wala mtoto mjini. Kisha zikaja ploti za watu binafsi. Huko Dandora, katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 1970, watu waligawiwa viwanja vyenye choo na bafu, nao wakajenga vyumba kuuzunguka ua na kuvipangisha. Ramani hutofautiana, lakini kanuni ni moja: mpangaji ana chumba, lakini hana nyumba. Kilicho chake ni kitanda, meza na pazia linalotenga vitu hivyo viwili. Vingine vyote, yaani maji, umeme, choo, kamba ya nguo na hata hewa yenye harufu ya samaki wa jirani, ni mali ya wote, na kwa hivyo ni ugomvi wa wote.

Isitoshe, katika nyingi ya nyumba hizo dari haipo, na ukuta huishia kabla ya kulifikia paa. Sauti hupita juu ya ukuta kama paka. Chumba cha kwanza kikipiga chafya, chumba cha sita huitikia kwa dua. Katika mazingira kama hayo faragha haiwezekani, na pasipo na faragha watu huwa na njia mbili tu: kupigana au kuchekana.

Visa vya mita, choo na sufuria

Tuanze na mita ya umeme. Ploti nyingi zilijengwa zikiwa na mita moja, na gharama ikawa inagawanywa sawasawa kwa vyumba vyote. Papo hapo kila chumba huapa kwamba hakina chochote ila taa moja, tena huzimwa mapema. Msimamizi wa ploti akibisha hodi kukagua, pasi hujificha chini ya kitanda ingali moto, na jiko la koili hufunikwa kwa beseni. Lakini uani pana macho. Kapera wa chumba cha nne akitoka asubuhi na shati lisilo na kunyanzi hata moja, mama wa chumba cha pili, ambaye wakati huo anasugua sufuria, humsalimu kwa upole wote: “Jirani, shati hilo limenyooshwa na upepo?” Wote waliopo hucheka, na kapera hucheka pia kwa sababu hana pengine pa kupitia. Mwisho wa mwezi yeye mwenyewe huongeza shilingi kadhaa katika mchango wa umeme bila kuambiwa. Kesi imesikizwa, hukumu imetolewa, na hapana aliyetajwa kwa wizi.

Kisa cha pili ni cha zamu ya kuosha choo. Katika kila ploti kuna mpangaji ambaye zamu yake ikikaribia tu, barua au simu humfikia kutoka mashambani kwamba shangazi yake ameaga dunia. Mara ya kwanza majirani huhuzunika. Mara ya pili hushangaa. Mara ya nne hukutana, wakachanga pesa kama ilivyo ada, kisha wakamtuma mzee wa chumba cha kwanza ampelekee mfiwa mchango huo pamoja na maneno haya: “Pole sana, ndugu yetu. Shangazi huyu ameteseka mno; safari hii tunaomba mumwache apumzike.” Tangu siku hiyo mpangaji huyo huonekana na ufagio hata katika zamu za wenziwe. Msomaji atambue ustadi uliopo katika kisa hiki. Majirani hawakumwita mwongo. Waliupokea uongo wake, wakautimizia haki zote anazostahiki maiti, na uzito wa rambirambi ndio uliomwinamisha. Katika darasa la fasihi mbinu hiyo huitwa kinaya. Uani haina jina, lakini inafanya kazi.

Kisa cha tatu ni cha kuazima. Chumvi, makaa, kiberiti na kijiko huzunguka nyumba nzima, na sufuria kubwa inayoazimwa Ijumaa kwa ajili ya pilau huweza kupita vyumba vitano hata mwenyewe akaja kuiazima kwa mtu wa sita, akashukuru na kuahidi kuirudisha. Wanaoifahamu hadithi ya Abunuwasi na sufuria iliyozaa, kisha siku nyingine ikafa, wataona mara moja kwamba ngano hiyo haikuzuka hewani. Ni ngano ya watu walioazimana vyombo, waliojua kwamba tamaa ya jirani huponyeka akinaswa kwa mantiki yake mwenyewe.

Kumsema kuku na kuanika leso

Aghalabu kicheko cha uani hakimlengi mlengwa moja kwa moja. Hapa ndipo lugha inapodhihirisha umahiri wake. Mama ambaye ndoo yake ya maji imepunguzwa usiku hamwendei anayemshuku. Humgeukia kuku. “Wewe kuku, maji niteke mimi, unywe wewe, na ndoo uipindue wewe! Huna haya?” Kuku hajibu. Lakini kutoka chumba cha tatu husikika sauti ikimwelekeza mtoto: “Mwanangu, kuku wa watu hana kosa. Mwenye ndoo ndiye hajui kuifunika.” Kwa dakika kumi mama mmoja husema na kuku, na mwingine husema na mtoto, hadi mtoto anapouliza kwa nini kuku analaumiwa ilhali hafiki kwenye ndoo. Hapo uani kote huangua kicheko, na wagomvi hawana budi kucheka.

Leso nayo ni mjumbe wa aina hiyo hiyo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuziandika leso majina ya Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, na chapa ya Mali ya Abdulla ingali inatambulika. Majina hayo, ambayo awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, yamewapa wanawake wa pwani na wa miji ya bara gazeti lisilokatazwa. Mama akianika leso iliyoandikwa “Hasidi hana sababu” mkabala na mlango wa shoga yake, huwa amesema. Siku tatu baadaye kamba hiyo hiyo hubeba leso nyingine: “Usisafirie nyota ya mwenzio.” Wakikutana mferejini huamkiana vizuri, huulizana hali ya watoto, na hapana anayetaja leso. Nyumba nzima imesoma, nyumba nzima inacheka chini kwa chini, lakini hapana ushahidi. Nani awezaye kuishtaki nguo iliyoanikwa?

Redio pia iliingia katika mchezo huu. Kipindi cha “Je, Huu ni Ungwana?”, kilichoanzishwa mwaka wa 1966 na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, kilihoji tabia za watu wa kawaida: wakopaji wasiolipa, wageni wasioondoka, wasemaji wasionyamaza. Katika nyumba isiyo na dari ilitosha mpangaji kuongeza sauti ya redio pale hasa panapomhusu jirani, naye hana alilosema. Mbotela alisema kwa niaba yake, na hakuwa na habari.

Kanuni za kicheko hiki

Visa hivyo vikipangwa na kuchunguzwa, vinatoa kanuni tatu. Kwanza, kinachochekwa ni tendo. Kapera anachekwa kwa pasi, si kwa kabila. Mfiwa anachekwa kwa ufagio alioukimbia. Tendo likiachwa, kicheko hukoma. Pili, anayechekwa yupo. Anasikia, na kesho saa kumi na moja alfajiri atasimama nyuma ya anayemcheka katika foleni ya maji. Tatu, kicheko ni deni. Anayecheka leo atachekwa kesho, kwa maana hapana mpangaji asiye na pasi yake chini ya kitanda.

Mwanafalsafa wa Kifaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka wa 1900, alieleza kwamba kicheko daima ni cha kundi, na kwamba kazi yake ni kumrekebisha yule aliyekakamaa akashindwa kwenda na wenziwe. Hadi hapo uani unaafikiana naye. Lakini Bergson alishikilia pia kwamba ili mtu acheke, moyo sharti ufe ganzi kwa muda. Hapa nyumba ya kupanga inamkosoa. Mama anayemcheka mwenzake ndiye aliyemlelea mwanawe jana alipokwenda kliniki. Ndiye atakayemwazima makaa jioni. Moyo wake hauna nafasi ya kufa ganzi. Kicheko chake kinakata kwa sababu kinatoka kwa mtu wa karibu, na hakiui kwa sababu hiyo hiyo.

Pengine kitatolewa kipingamizi kwamba jamii zetu zimezoea kuchekana kwa asili, wala si kwa tendo, na kwamba utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi nchini Tanzania, ni jambo jema lililowaunganisha watu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inathibitisha kanuni badala ya kuivunja. Mtani humdhihaki mtani akiwa mbele yake, na mtani huyo ana haki kamili ya kujibu, tena kwa ukali zaidi. Utani ni mkataba wa pande mbili. Palipo na upande mmoja unaosema na mwingine unaosemwa tu, utani umekwisha, hata kama wasikilizaji wanaendelea kucheka.

Hii ndiyo sababu Kiswahili hakikuingia uani kwa bahati. Mpangaji akimcheka jirani kwa lugha ya mama ambayo jirani haielewi, huko si kuchekana, ni kusengenya, na nyumba nzima hulijua hilo papo hapo: watu hunyamaza na nyuso hubadilika. Kiswahili humpa anayechekwa silaha sawa na ya anayemcheka. Watoto wa ploti hizo hizo, wakitaka nao kuwacheka wazazi wao, waliichukua lugha hiyo, wakaivunja na kuiunga upya, wakapata Sheng. Wapo wanaoilaani Sheng kwa kuharibu sarufi. Wakumbuke kwamba nayo ilizaliwa uani, na kwamba ilizaliwa ikicheka.

Runinga na lafudhi

Watayarishaji wa vichekesho nchini Kenya walitambua mapema kwamba nyumba ya kupanga ni hazina. KBC iliwahi kuwa na kipindi kilichoitwa Plot 10, na Vitimbi ilidumu kwa miongo kadhaa ikionyesha mume, mke, jirani na wageni wakisumbuana. Benson Wanjau, aliyeigiza kama Mzee Ojwang’ hadi karibu na kifo chake Julai 2015, alizaliwa katika jamii ya Wakikuyu, lakini kwa zaidi ya miaka 30 alizungumza jukwaani kwa lafudhi ya Mjaluo. Je, hakuwa akiidhihaki jamii isiyokuwa yake?

Jibu limo katika vichekesho vyenyewe. Lafudhi ya Mzee Ojwang’ ilikuwa vazi lake. Haikuwa mzaha wake. Kilichochekesha ni mume anayejiona mjanja kuliko wote, anayeficha pesa, anayeahidi asichoweza, na ambaye Mama Kayai humbaini kabla hajamaliza sentensi. Mume kama huyo yuko katika kila kabila na katika kila ploti. Vivyo hivyo Papa Shirandula wa Charles Bukeko, msanii aliyefariki Julai 2020, alichekesha kwa sababu ya bawabu anayevaa suti ili mkewe asijue kazi yake. Mtazamaji alicheka uongo na aibu yake, na pengine alijicheka mwenyewe.

Tatizo lilizuka pale lafudhi ilipoacha kuwa vazi, ikawa ndiyo mwili. Vichekesho vingi vya majukwaani na vya runinga vilivyofuata vilijengwa juu ya orodha isiyobadilika: kabila hili ni wezi, lile ni wala sana, lile ni wapenda fahari, na wale ni mabawabu na mayaya wasioweza kutamka herufi fulani. Hapo hapana tendo linalochekwa, kwa hivyo hapana linaloweza kurekebishwa. Mtu hawezi kuachana na alivyozaliwa kama anavyoachana na pasi. Anayechekwa hayupo ukumbini kujibu, na akiwepo ameketi gizani miongoni mwa mamia. Tena hapana deni, kwa sababu mchekeshaji hatakutana naye mferejini. Kanuni zote tatu za uani zimevunjwa, na kilichobaki ni sauti ya kicheko tu.

Orodha ilipobandikwa mlangoni

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo na kwamba kichekesho ni kichekesho. Historia ya karibuni haiwaungi mkono. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Wakenya waliuana. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka wa 2008 kwamba watu 1,133 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu walifurushwa makwao. Katika mitaa ya Nairobi kama vile Kibera na Mathare, waliofurushwa wengi walikuwa wapangaji, na waliowafurusha, au waliowaonyesha wafurushaji mlango, mara nyingine walikuwa majirani waliokuwa wakichota nao maji mfereji mmoja.

Ni kosa kudai kwamba vichekesho ndivyo vilivyoleta ghasia hizo. Zililetwa na siasa, dhuluma za ardhi, ukosefu wa kazi na viongozi waliozichochea. Lakini hapana budi kuuliza: orodha ya nani ni nani, na sifa za kila nani, ilitoka wapi kwa haraka vile? Ilikuwa imekwisha kuandaliwa na kukaririwa kwa miaka mingi, tena kwa kicheko. Maneno yale yale yaliyokuwa mzaha Jumamosi usiku yakawa hati ya kufukuzia Jumatatu asubuhi. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 ilikuja kuharamisha matamshi ya chuki, na ilifaa ije. Hata hivyo, sheria inaweza kumwambia mtu asiseme nini. Haiwezi kumfundisha namna ya kuchekana na jirani. Somo hilo lilikuwa uani, na baadhi ya waliolihitimu walionekana katika siku hizo hizo za moto: wale waliowaficha majirani zao chini ya vitanda, palepale palipokuwa pakifichwa pasi.

Uani usipambwe

Haifai, hata hivyo, kuupamba uani kupita kiasi. Uani umewaumiza wengi. Mwanamke asiye na mume amechunguzwa kila mgeni anayemjia. Mgonjwa amefanywa hadithi. Jambo baya zaidi ni kwamba ukuta usiofika paani umepitisha vilio vya wanawake wanaopigwa, na asubuhi majirani, badala ya kuuliza, wameyafanya makofi hayo kuwa mzaha wa mferejini: “Jana chumba cha tano mlikuwa mkipigilia misumari?” Hicho ni kicheko kinachofunika kilio, na kanuni zile zile zinakihukumu. Anayepigwa hana tendo la kurekebisha, wala hana uwezo wa kujibu. Palipo na mtu asiyeweza kulipa deni la kicheko, kumcheka ni kushirikiana na anayemuumiza. Mwanafunzi wa fasihi anayeuendea uani na auendee akiwa na jicho hilo pia.

Kazi iliyo mbele

Kwa nini basi mambo haya hayasomwi? Sababu moja ni mazoea ya jukwaa letu. Tamthilia za Kiswahili zilizotahiniwa katika shule za upili za Kenya kwa miaka mingi zimependa kusimama penye kiti cha mtawala. Katika Kifo Kisimani pana Bokono, katika Mstahiki Meya pana Sosi, katika Kigogo pana Majoka. Ni tamthilia za maana, na madhalimu wanastahili kuandikwa. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege nayo imeonyesha kwamba jukwaa laweza kuingia nyumbani na lisipoteze uzito. Lakini mwanafunzi anayehitimu aweza kuondoka akiamini kwamba mambo makubwa hutendeka ikulu tu, na kwamba futuhi na ramsa ni tanzu za kupumzishia akili. Ukweli ni kwamba dhalimu humwangusha raia mara moja baada ya miaka mingi, lakini raia humvumilia au humvunja jirani yake kila siku.

Sababu ya pili ni kwamba fasihi simulizi ingali inafundishwa kana kwamba makazi yake ni kijijini, penye moto na bibi kizee. Mwanafunzi aliyelelewa Kayole au Githurai husafiri mamia ya kilomita kutafuta ngano, akiwaacha nyuma majirani wanaomsema kuku kwa ufasaha usio na kifani. Mafumbo ya mferejini, majina ya leso jinsi yanavyojibizana, mazishi ya shangazi asiyekufa, na matangazo yanayobandikwa kwenye mlango wa choo, ambayo huanza kwa “Tafadhali” na kuishia kwa laana, yote ni matini. Yana mtendaji, hadhira, muktadha na dhamira. Hayajapata mkusanyaji tu.

Wakati nao hausubiri. Ploti zinabomolewa na maghorofa yanapanda. Kila chumba sasa kina choo chake na mita yake ya tokeni, na hilo ni jema, kwa maana hapana anayestahili kupanga foleni ya choo ili wasomi wapate data. Lakini uani umehamia kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp ya wapangaji, ambamo maji yakikatika watu hurushiana maneno wasiyoweza kuambiana ana kwa ana. Vikatuni vya kucheka vipo, nyuso hazipo. Tena aliyeudhika hubonyeza kitufe akaondoka kundini. Katika ploti ya zamani mtu hakuweza kuondoka kundini ila kwa kukodi mkokoteni, akapakia kitanda, na kupita mbele ya majirani wote wakimuaga.

Inapasa basi vyama vya Kiswahili vyuoni vichukue hatua ambazo hazihitaji ufadhili mkubwa. Kila mwanachama anayerudi nyumbani wakati wa likizo na aandike visa vitatu vya uani anavyovijua, pamoja na maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa, huku akiyaficha majina ya wahusika. Idara nazo na zikubali mada kama hizi katika miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, bila kuzihesabu kuwa porojo. Waandishi chipukizi wanaotaka kuchekesha na wajiulize maswali matatu kabla ya kupanda jukwaani: ninacheka tendo au ninacheka uzawa? Ninayemcheka yupo, na anaweza kunijibu? Nami niko tayari kuchekwa?

Maswali hayo hayakutungwa na mhakiki yeyote. Yalitungwa na watu waliokosa dari, waliogawana mita moja, na waliojua kwamba kesho alfajiri, wapende wasipende, watakutana tena penye mfereji.